Mambo mawili kwa mpigo, au moja baada ya jingine?

Usiku mmoja nilisimama jikoni na chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Simu nilikuwa nimeibana kati ya sikio na bega, na mtu wa kazini ananieleza jambo ambalo lingeweza kabisa kusubiri asubuhi. Mtoto alikaa pembeni, kafumba mdomo, ananitazama. Nilipokata simu nikakiangalia kijiko. Kilikuwa kimelowa. Sikujua kama kimelowa kwa sababu nimekwisha kumpa dawa, au kwa sababu nilimimina, nikasita, nikairudisha chupani. Nikamwuliza mwenyewe. Ana miaka mitatu. Alijibu "ndiyo" nilipomwuliza kama amekunywa, akajibu "ndiyo" nilipomwuliza kama bado.

Sikumpa tena, maana kukosa kijiko kimoja ni afadhali kuliko kumpa mara mbili. Nikalala kando yake nikimsikiliza akikohoa. Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba wakati kosa linatendeka nilijiona niko sawa kabisa: naongea vizuri na mwenzangu wa kazini, namhudumia mtoto, muda haupotei. Hakuna kengele yoyote iliyolia kichwani.

Kwa sababu hiyo naandika ulinganisho huu. Wengi tunaamua kati ya kufanya mambo kwa mpigo na kuyafanya moja moja kwa kupima tunavyojisikia wakati ule, na kwa jambo hili hisia zetu ni mizani mbovu. Akili ambayo ingegundua kosa ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imegawanywa.

Tunalinganisha nini hasa

Kwa kawaida watu huzungumza kana kwamba njia ni mbili. Mimi naziona tatu, na ubishi mwingi hutokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni mambo mawili yanayokwenda sambamba kweli. Unakunja nguo huku unasikiliza redio. Mikono ina kazi yake, masikio yana yake, na hakuna kinachomngoja mwenzake.

Ya pili ni kurukaruka. Unaandika barua pepe, ujumbe unaingia, unausoma, unajibu, unarudi kwenye barua, unakumbuka bili ambayo hujalipa, unafungua ukurasa mwingine. Kwa anayekutazama, na hata kwako mwenyewe, inaonekana mambo matatu yanafanyika pamoja. Kwa kweli linafanyika moja tu kwa kila nukta, mengine yamesimama mlangoni. Kutwa nzima tunafanya hii ya pili tukidhani ni ile ya kwanza.

Ya tatu ni moja baada ya jingine: unamaliza, au unafika mahali pazuri pa kupumzika, ndipo unashika jingine.

Hata namna yetu ya kusema "kazi nyingi kwa wakati mmoja" ilianzia kwenye kompyuta za miaka ya 1960. Kompyuta yenye kichakata kimoja haiwezi kutekeleza programu mbili katika nukta moja. Inachofanya ni kukata muda vipande vidogo mno na kuhama kutoka programu hii hadi ile haraka kiasi kwamba aliyekaa mbele yake huona zote zinakwenda. Ila kabla ya kuhama, mashine huhifadhi mahali ilipoishia, na ikirudi huendelea pale pale, haijapoteza hata herufi. Sisi tuliliazima jina lake tukaacha huo uwezo wa kuhifadhi. Kijiko kililowa, na mahali nilipoishia hapakuwa pameandikwa popote.

Nani humaliza kwanza

Kabla ya kuniamini mimi au mtafiti yeyote, chukua saa ujaribu. Taja miezi kuanzia Januari hadi Desemba, kisha hesabu kutoka 12 ukirudi nyuma hadi 1. Andika umetumia sekunde ngapi. Sasa yafanye yote mawili kwa kupokezana: Januari, kumi na mbili, Februari, kumi na moja, Machi, kumi, na kuendelea. Maneno ni yale yale 24. Ona saa itakuambia nini. (Usitumie siku za wiki na namba za kupanda. Jumamosi, Jumapili na Jumatatu zimebeba hesabu ndani ya majina yao, zitakubeba bila wewe kutambua.)

Kama kuruka kungekuwa bure, muda ungelingana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Jersild, aliupima ucheleweshaji wa namna hii mwaka 1927 kwa orodha za namba na maneno tu. Mwaka 2001 Joshua Rubinstein, David Meyer na Jeffrey Evans walionyesha kwamba ucheleweshaji unakua kadiri kazi zinavyokuwa ngumu au ngeni. Walieleza kwamba kila mara unapohama, akili hupitia hatua mbili. Kwanza inaamua kwamba sasa si lile, ni hili. Halafu inazima kanuni za kazi iliyoachwa na kuwasha za kazi mpya. Kwa mara moja ni sehemu ndogo ya sekunde. Hesabu sasa umeitazama simu mara ngapi tangu asubuhi.

Lakini sitaki kuegemea upande wangu kwa kuficha ya upande wa pili. Mwaka 2008 Gloria Mark na wenzake walichapisha jaribio la watu waliopewa kazi ya ofisini ya kujibu barua pepe, baadhi wakikatizwa katikati. Waliokatizwa walimaliza mapema zaidi, na kazi yao haikuwa mbaya kuliko ya wenzao. Walikuwa wamejifunza kufidia: waliandika kwa ufupi, wakaenda mbio. Ila walisema wana msongo na wamekereka zaidi, na walihisi wanakimbizwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona mimi nakatizwa kutwa na kazi zangu zinaisha," hasemi uongo. Muulize tu anafika nyumbani jioni akiwa mtu wa namna gani.

Kuna hasara nyingine ya muda isiyoonekana kwenye saa. Mwaka 2009 Sophie Leroy aliandika juu ya kile ninachoweza kukiita masalio ya umakini: ukiacha kazi haijaisha ukaenda kwenye nyingine, sehemu ya akili inabaki kule nyuma. Umeingia kwenye kikao, mwili upo kitini, lakini bado unatafuta ile hesabu iliyogoma kulingana. Wenzako wanaona uso unaowatazama. Ukiulizwa maoni yako, unaomba swali lirudiwe.

Kwa muda peke yake, basi, kurukaruka hakushindwi kila mara. Kwa kazi nyepesi, fupi, unazozijua, tofauti ni ndogo. Kwa kazi ya kufikiri, moja baada ya jingine inashinda, na pengo linapanuka kadiri kazi inavyokuwa ngumu.

Makosa usiyoyaona

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ya kile kijiko.

Mwaka 2010 Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia. Waliwafuata wauguzi 98 wakati wa kutoa dawa, wakihesabu mara walizokatizwa na makosa yaliyotokea. Kila mkatizo uliambatana na ongezeko la takriban asilimia 12 la makosa ya utaratibu, na karibu asilimia 13 la makosa ya kitabibu, kama vile kipimo au dawa isiyo sahihi. Hawa ni watu waliosomea kazi hiyo na wanaoifanya kila siku. Hawakuwa wazembe. Kuna mtu aliwauliza swali wakati wanahesabu vidonge, basi.

Kisa kingine nakikumbuka kila ninapoona watu watatu wameinamia tatizo moja dogo. Tarehe 29 Desemba 1972, ndege ya abiria ya Eastern Air Lines, safari namba 401 kutoka New York, ilikuwa inakaribia kutua Miami. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limetoka haikuwaka. Rubani aliipandisha ndege, akaiweka kwenye uendeshaji wa kujitegemea, na wahudumu wa chumba cha marubani wakaanza kuishughulikia ile taa: kuichomoa, kuirudisha, kushuka chini kuchungulia gurudumu. Bila yeyote kukusudia, ule uendeshaji wa kujitegemea uliacha kushikilia kimo. Ndege ikaanza kushuka taratibu gizani. Mlio wa tahadhari ulisikika chumbani humo na hakuna aliyeushughulikia. Ikaanguka kwenye kinamasi cha Everglades. Watu 101 walikufa. Balbu ilikuwa imeungua, na gurudumu halikuwa na tatizo lolote.

Hakuna mle ndani aliyejihisi anapuuza kitu. Kila mmoja alikuwa na bidii ya kazi.

Mwaka 1981 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliweka kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000, marubani wasifanye wala kuzungumza lolote lisilohusu kuiendesha, isipokuwa ikiwa inasafiri kwa utulivu katika kimo hicho. Ninachokipenda katika kanuni hiyo ni kwamba haimwulizi rubani anajisikiaje. Haimwambii "ukiona umezidiwa, nyamaza." Imechora mstari hewani mapema, wakati kila mtu ametulia, kwa sababu ukishazidiwa hutajua. Nyumbani na kazini kila mmoja wetu ana futi zake 10,000: kupima dawa, kutuma pesa, kusaini karatasi, kukata kwa kisu kikali, kumwogesha mtoto mchanga. Katika hayo sioni haja ya kulinganisha tena. Moja tu, hadi liishe.

Kwenye usukani

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu jibu halina pande mbili. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukisoma ujumbe kwa sekunde tano umesafiri zaidi ya mita 110 bila macho.

Ambalo wengi hawalikubali ni hili la pili: kuzungumza na simu bila kuishika hakukuokoi. David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha mwaka 2001, kwa majaribio ya uendeshaji wa kuigiza, kwamba anayeongea na simu ya mkononi na anayeongea bila kuishika wote hukosa ishara za barabarani na huchelewa kuitikia, bila tofauti ya maana kati yao. Kilichochukuliwa ni akili, na mikono haihusiki. Mbona basi kuongea na abiria hakuna hatari kama hiyo? Abiria anaiona barabara. Lori likichomoza ananyamaza katikati ya neno. Aliye kwenye simu anaendelea kukuuliza, tena anaudhika usipojibu.

Hata kwa miguu ni hivyo. Mwaka 2009 Ira Hyman na wenzake walichapisha jaribio la uwanja wa chuo huko Marekani Magharibi, ambapo walimpitisha mchekeshaji aliyevaa nguo za rangi kali, akiendesha baiskeli ya gurudumu moja. Waliokuwa wanatembea wakiongea na simu, robo tu ndio walisema wamemwona. Waliotembea wawili wawili wakipiga soga, zaidi ya theluthi mbili walimwona. Soga haikuwa tatizo. Aliyeko kwenye simu anakuvuta kwenda mahali usipokuwapo.

Kusoma huku unatazama kitu kingine

Wanafunzi huniambia wanasoma vizuri runinga ikiwa imewashwa, na wengine hufaulu kweli. Karin Foerde, Barbara Knowlton na Russell Poldrack walichapisha mwaka 2006 jaribio linalosaidia kuelewa kwa nini pande zote mbili zina ukweli. Watu walijifunza kubashiri matokeo kwa kuangalia kadi, mara kwa utulivu, mara huku wakihesabu milio. Kubashiri waliweza katika hali zote mbili. Walipoulizwa baadaye kuhusu uhusiano kati ya kadi na matokeo, yale waliyojifunza huku wakihesabu milio waliyaeleza vibaya zaidi. Kujifunza kulitokea, lakini kwa namna ya mazoea, kama mtu anayejua njia ya kwenda mahali lakini hawezi kumwelekeza mwenzake. Mtihani unaorudia maswali ya darasani utaupita. Siku swali likigeuzwa, utajua ulisoma vipi.

Mtu aliye mbele yako

Mama yangu alinipigia simu alasiri moja nikiwa na kazi ya kuwasilisha kabla ya saa kumi na moja. Nikapokea, nikaweka spika, nikaendelea kuandika. Nikawa naitikia: eeh mama, eeh, sawa, alhamdulillah. Baada ya muda akanyamaza. Nilipogundua kimya nikamwuliza, "Mama upo?" Akasema, "Nipo mwanangu. Nasikia vidole vyako. Malizia kazi yako kwanza, si kitu." Akanitakia heri, akakata.

Alikuwa amepiga kunieleza majibu ya vipimo vyake. Niliyasikia siku mbili baadaye kwa dada yangu, ambaye alidhani nimekwisha kuambiwa. Mama alikuwa ameniambia nusu yake. Nilikuwa nimeitikia "alhamdulillah."

Kazi niliiwasilisha kwa wakati. Kwa kipimo cha saa, siku ile nilifanya mambo mawili katika muda wa moja, na kama ungenihoji jioni yake ningekuambia nimepiga kazi vizuri. Hapa ndipo ulinganisho wa muda na makosa unapoishiwa, kwa sababu hakuna orodha inayohesabu sentensi ambayo mtu ameamua kutoimalizia.

Tunasema mshika mbili moja humponyoka, ila methali haituambii ni ipi itakayoponyoka. Nimejiangalia kwa muda mrefu, na kwangu huponyoka ile isiyopiga kelele. Simu inalia, kwa hiyo simu inashinda. Ujumbe unang'aa, unashinda. Mtoto aliyefumba mdomo hasemi, mama anajikunja, ndege inashuka polepole gizani. Ukifanya mawili kwa mpigo, usidhani umegawa umakini wako nusu kwa nusu. Umemwachia mwenye kelele agawe.

Yanayokubaliana

Ningekuwa mwongo nikisema kila kitu kifanywe peke yake. Kuosha vyombo kimya kimya kila usiku ni adhabu nisiyoiona faida yake. Mimi huosha vyombo nikisikiliza kipindi, hupiga pasi nikiongea na rafiki, hutembea nikitafakari maneno ya kuandika, na hakuna kati ya hizo ninayokusudia kuiacha.

Zinakubaliana kwa sababu moja katika kila jozi haihitaji uamuzi. Mikono imezijua sahani kwa miaka mingi, inakwenda yenyewe. Tena zinatumia njia tofauti: mikono upande huu, masikio upande ule. Jozi zinazogombana ni zile zinazotaka kitu kile kile, na kinachogombaniwa mara nyingi ni maneno. Kusoma na kusikiliza mazungumzo ni maneno juu ya maneno. Kuandika huku unaongea ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu wengi wanaweza kusoma huku muziki usio na maneno ukipigwa, ila ukija wimbo wenye maneno wanajikuta wamerudia aya ileile mara tatu.

Kuna hata mahali ambapo kuongeza kitu kidogo kunasaidia. Jackie Andrade, mwanasaikolojia wa Uingereza, mwaka 2009 aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu unaochosha. Nusu yao walipewa kazi ya kujaza rangi ya penseli kwenye maumbo karatasini wakati wakisikiliza. Hao ndio waliokumbuka zaidi, kwa asilimia 29. Maelezo yanayowezekana ni kwamba jambo likichosha mno, akili hutoroka kwenda kuota ndoto za mchana, na mchoro mdogo unaifunga kamba isiende mbali. Kwa hiyo anayechorachora pembezoni mwa daftari kikaoni huenda anakusikiliza kuliko anayekutazama machoni. Lakini tofautisha mchoro na simu. Mchoro haukujibu.

Na kusubiri si kazi. Chungu kikichemka na nguo zikiwa mashineni, wewe ukasoma, hufanyi mambo matatu. Unafanya moja, na kengele ya saa inakusaidia kukumbuka mengine. Iweke tu hiyo kengele, usitegemee pua yako kusikia harufu ya kuungua.

Wanaosema wao wanaweza

Wapo kweli wanaoweza. Jason Watson na David Strayer, mwaka 2010, waliwapima watu 200 kwa kuendesha gari la kuigiza huku wakikariri maneno na kukokotoa hesabu. Asilimia 2.5 walifanya yote bila kupungukiwa na kitu. Hao ni watu watano. Sasa ukiwauliza watu wanaokuzunguka, wangapi watasema wao wako kwenye hao watano? Mwaka 2013 watafiti wa chuo hicho hicho cha Utah, wakiongozwa na David Sanbonmatsu, waligundua kwamba wanaofanya mambo mengi kwa mpigo mara nyingi zaidi ndio waliopata alama za chini katika kipimo cha uwezo huo, na wengi walijiweka juu ya wastani. Naona hapo jambo lile lile la kijiko: aliyegawanyika hana wa kumpasha habari.

Halafu kuna ile imani kwamba wanawake wamejaliwa uwezo huu na wanaume hawakujaliwa. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima wanawake 48 na wanaume 48, kwa kazi za kupokezana na za sambamba. Hakuna jinsi iliyoonekana kuishinda nyingine. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu sifa hiyo imetumika kama mzigo. Mtu akisifiwa kwamba anaweza kupika, kumsaidia mtoto masomo, kujibu simu ya kazini na kumhudumia mgonjwa kwa mpigo mmoja, hakuna anayenyanyuka kumpokea hata kimoja. Anayeonekana kumudu yote manne mara nyingi amechoka tu, na mmojawapo kati ya mtoto na mgonjwa anapata masalio.

Uchagueje basi

Mimi hujiuliza kuhusu kosa kwanza, kabla ya muda. Likitokea kosa hapa, linafutika? Sahani ikivunjika inafagiliwa. Pesa zikitumwa kwa namba isiyo yake, au dawa ikitolewa mara mbili, ni habari nyingine. Lisilofutika linafanywa peke yake hata kama ni la sekunde kumi. Kisha natazama kama yote mawili yanataka maneno, au yote yanataka macho. Yakitaka kitu kimoja, najua nitarukaruka tu. Na kama kuna mtu anayezungumza nami, namhesabu yeye kuwa ndiyo kazi. Nikishindwa kumpa dakika hizo, namwambia wazi: "Mama, nipe nusu saa nikupigie nimetulia." Anapokea vizuri kuliko nilivyodhani. Kinachomuumiza ni ile "eeh" isiyo na mtu nyuma yake.

Kwa kazi za mezani, njia iliyonifaa ni mafungu. Ujumbe na barua pepe nazijibu kwa pamoja mara tatu au nne kwa siku, arifa zimezimwa katikati, na simu iko chumba kingine ninapoandika. Haikuwa rahisi wiki ya kwanza, mkono ulikuwa unaenda wenyewe kuitafuta. Jambo likinijia kichwani naliandika kwenye karatasi pamoja na saa nitakayolifanya. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba lengo lililoachwa njiani huacha kuisumbua akili mtu akishaweka mpango mahususi wa kulitimiza, hata kabla ya kulitimiza. Kuandika tu "bili, saa moja jioni" kunatosha kuituliza.

Najua wapo wasio na nafasi ya kuchagua. Mwenye watoto wadogo wawili, anayekaa mapokezi, anayeuguza. Kuwaambia hao wafanye jambo moja kwa wakati ni kuwaongezea lawama. Kwao swali linakuwa: nikikatizwa, nitajuaje niliishia wapi? Jibu ni kufanya kile ambacho kompyuta hufanya kabla ya kuhama. Kabla hujaitika, weka alama. Kidole kwenye mstari, neno moja la penseli, kifuniko cha chupa kikae upande wa vilivyokwisha. Sekunde mbili hizo anayekuita atakusamehe.

Kwetu kuna karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa, na kalamu inaning'inia kwa uzi. Kijiko kikitoka mdomoni mwa mtoto, saa inaandikwa, ndipo simu inapokelewa. Tangu usiku ule nimesimama pale mara mbili na kijiko kilicholowa mkononi, sikumbuki. Nikafungua mlango, nikasoma.